Uzi: Kinga ya vijana ndani ya shehia. Tuhesabu saa tupu kwanza, mipira baadaye

#1 Dau_la_Mtende (Mjini, Unguja)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Ukikaa baraza yoyote siku hizi mazungumzo ni yale yale: watoto wa miaka kumi na mbili wanavuta, simu zinakwapuliwa njiani, wengine wanaaga nyumbani wanakwenda skuli na skuli hawafiki. Na jawabu linalokuja mbio nalo ni lile lile: tufanye bonanza, tuite mgeni rasmi, tugawe jezi, sheikh atoe nasaha. Jumatatu ikifika kila mtoto yuko pale pale alipokuwa Ijumaa. Naomba uzi huu tuandike kazi, ili mwenye kamati yake ya shehia (mtaa au kijiji chini ya sheha) achukue na aanze nayo.

Mwanzo tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kijana ambaye tayari yuko kwenye unga anahitaji tiba. Kliniki ya methadoni (dawa ya kumwachisha mtu unga) ya Kidongo Chekundu, iliyoanza 2015, na nyumba za soba, wanamokaa wanaoacha unga, zipo kwa ajili yake. Kinga ni kwa mtoto ambaye bado hajaanza, au ameonja tu, na umri wake ni miaka 10 hadi 15. Ukimsubiri afike 18 umeshachelewa, na fedha utakazotumia ni nyingi zaidi kwa faida ndogo zaidi.

Sasa chukua mtoto mmoja wa darasa la sita, mkondo wa asubuhi, uiandike Jumanne yake kwenye karatasi. Tuseme anatoka skuli saa 6:30 mchana. Anakula. Saa 8 yuko chuoni (madrasa), saa 10 anatoka baada ya sala ya alasiri. Kuanzia hapo hadi saa 12:30 magharibi, saa mbili na nusu, hakuna mtu mzima anayejua alipo. Baada ya isha mpaka kulala, saa nyingine mbili. Kwa siku tano za skuli hizo ni saa 22 na nusu. Mwenzake wa mkondo wa mchana ana asubuhi nzima: mama ameshatoka kutafuta riziki, baba yuko kazini, chuo hakijafunguliwa. Hizo ndizo naziita saa tupu, na kila mwenye nia ya kumharibu mtoto anazijua kuliko sisi. Ratiba yoyote ya kinga isiyoingia ndani ya saa hizo ni sherehe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kamati ni kuchora ratiba kama ile kwa watoto 30 wa mitaa tofauti ya shehia, wavulana kwa wasichana, mikondo yote miwili. Inachukua wiki moja. Ukimaliza utaona saa zipi na kona zipi zinajirudia.

Kamati yenyewe isizidi watu 12: sheha, mwalimu mmoja kutoka skuli inayochukua watoto wa shehia, maustadh wawili, muuguzi wa kituo cha afya, askari wa shehia, kinamama watatu, mwenye duka anayekaa dukani mpaka usiku (huyu anaona mengi kuliko sote), na vijana wawili kutoka Baraza la Vijana la Shehia. Vijana hao wapewe kazi ya kweli. Kijana anayeitwa kupanga viti haji tena.

#2 Mizani_ya_Mji (Magharibi B)

Wa alaykum salaam. Ahsante Dau, umeanza panapostahili. Naongeza upande wa ushahidi maana kuna watu watasema haya ni mambo ya kubuni.

Njia ya kamati inayohesabu kwanza kisha ikachagua ina jina lake kwa wenzetu: Communities That Care. Ilitengenezwa na J. David Hawkins na Richard Catalano wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Mwaka 2003 ilianza kupimwa katika miji midogo 24 ya majimbo 7 ya Marekani, iliyogawanywa kwa bahati nasibu. Miji 12 ikapewa mpango, 12 ikaachwa na shughuli zake za kawaida, na watoto zaidi ya 4,000 wakafuatiliwa tangu darasa la tano. Walipofika darasa la nane, wale ambao hawakuwa wameanza mambo hayo mwanzoni, kwenye miji yenye mpango walikuwa na uwezekano mdogo kwa 32% wa kuanza pombe, 33% wa kuanza sigara na 25% wa kuanza uhalifu mdogo mdogo.

Kilichofanya kazi pale ni nidhamu ya hatua: kuwaweka tayari viongozi, kuunda kamati, kupima hali, kuandika mpango, kutekeleza huku ukipima tena. Kila mji ulichagua mambo machache yanayowasukuma watoto wake, ukaweka programu zilizokwishapimwa kwa ajili ya mambo hayo hayo. Hapa kwetu tunachagua programu kwanza, mara nyingi kwa sababu mfadhili amekuja nayo, halafu tunatafuta tatizo la kuibandika.

Mfano wa pili ni Iceland. Mwaka 1998, 42% ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya siku 30 zilizopita. Mwaka 2016 ikawa 5%. Sigara za kila siku zilishuka kutoka 23% hadi 3%. Walifanya mambo mengi kwa pamoja kwa miaka karibu ishirini: dodoso la watoto linalorudiwa na matokeo kurudi haraka kwenye kila mtaa, michezo na muziki yenye walimu waliosomea, msaada wa fedha kwa familia kulipia shughuli za mtoto, makubaliano ya wazazi, na sheria ya saa za watoto kuwa nje: wa miaka 13 hadi 16 mwisho saa 4 usiku wakati wa baridi. Nchi nzima ilifanya kwa mkupuo, hivyo hakuna miji ya kulinganisha nayo kama ule utafiti wa Marekani. Hilo tuliseme wazi tusije tukauza kitu kwa bei isiyo yake.

#3 Bodi_ya_Chumbuni

Wakubwa shikamooni. Mizani umesema kupima hali. Dodoso kwa watoto wetu? Mtoto gani atakuandikia kwamba anavuta, na baba yake anasali safu moja na mwalimu?

#4 Dau_la_Mtende (Mjini, Unguja)

Marahaba Bodi. Swali zuri, na hapa ndipo kamati nyingi zinaharibu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ataandika ukweli ikiwa mambo manne yametimia. Karatasi haina jina, darasa, wala jina la mtaa. Ina umri na jinsia tu. Madawati yametengana, mtoto mmoja kwa dawati. Anayesimamia si mwalimu wake wala ustadh wake wala jirani. Badilishaneni na shehia ya pili, wao waje kwenu nyinyi mwende kwao. Na anayesimamia anakaa mbele, hapiti kati ya madawati hata mara moja. Ukipita tu, umeshawafundisha kwamba kuna mtu anachungulia.

Kisanduku kiwe kama cha kura: boksi la mbao au la karatasi ngumu lenye tundu juu na kufuli, limewekwa mlangoni. Mtoto anaikunja karatasi mara mbili, anaitumbukiza mwenyewe anapotoka. Asiyetaka kujaza anatumbukiza karatasi tupu, na hakuna anayejua. Kalamu ziwe za rangi moja, zigawiwe hapo hapo na zirudishwe, kwa sababu mwenye kalamu yake ya kijani anajulikana.

Maswali yasizidi 25 na yawe ya kuweka alama, dakika 30 yawe yamekwisha. Usiulize mambo mabaya peke yake. Uliza: saa 11 jioni jana ulikuwa wapi, kuna mtu mzima asiye ndugu yako ambaye ungemwendea ukipata shida, wazazi wako wanajua majina ya rafiki zako wangapi, mara ngapi wiki iliyopita hukwenda skuli bila ya ruhusa, ni rahisi kiasi gani kupata sigara, ugoro, bangi hapa mtaani. Maswali yanayohusu kudhalilishwa usiyaweke kwenye karatasi hiyo kama huna mtu wa ustawi wa jamii aliye tayari kumpokea mtoto siku hiyo hiyo.

Kuna ufundi mmoja wa zamani wa kuwatambua wanaojaza kwa mzaha: kwenye orodha ya vilevi ingiza jina moja la kubuni, kilevi ambacho hakipo duniani. Atakayeweka alama kwamba amekitumia, karatasi yake iweke kando usiihesabu.

Kabla ya yote hayo: ruhusa ya wizara inayohusika na elimu kupitia wilaya, barua kwa mzazi wiki mbili kabla, na mtoto mwenyewe aulizwe. Watoto 150 hadi 200 wanatosha kwa shehia ya mjini. Kundi lolote lenye watoto chini ya 10 usitoe matokeo yake peke yake, maana utakuwa umemtaja mtu bila ya kumtaja.

#5 Bi_Ukili (Kusini Unguja)

Ahsanteni. Mimi nataka niseme la wazazi na la mabinti, kwa sababu kila mpango ninaousoma unaanzia kwenye kiwanja cha mpira na wasichana wanabaki watazamaji.

Wazazi kwanza. Mkutano wa hadhara wa kuwaambia wazazi "leeni watoto wenu" haujawahi kumbadilisha mtu. Kinachobadilisha ni kundi dogo linalokutana mara nyingi na kufanya mazoezi. Mpango mmoja wa familia uliotengenezwa Iowa, Marekani, kwa ajili ya watoto wa miaka 10 hadi 14 una vikao 7 vya saa mbili: saa ya kwanza wazazi chumba chao na watoto chumba chao, saa ya pili wote pamoja wakijaribu kile walichojifunza. Mwingine, uliopimwa Afrika Kusini katika Eastern Cape na matokeo yake kutoka 2018, una vikao 14, na umetengenezwa mahsusi kwa familia zisizo na uwezo. Hata hapa Tanzania umetumika. Ndani yake mna mambo madogo sana: namna ya kumsifu mtoto kwa jambo maalumu alilofanya, namna ya kuweka sharti moja linaloeleweka badala ya makaripio kumi, namna ya kupoza hasira kabla ya kunyanyua mkono, na namna ya kupanga fedha ya nyumba pamoja na mtoto.

Familia 10 hadi 12 kwa kundi. Wawezeshaji wawili, mmoja mwanamke. Mahali pawe karibu kiasi cha kwenda kwa miguu, na wadogo wao wapewe mtu wa kuwaangalia, la sivyo mama atakaa na mtoto mgongoni na sikio moja mlangoni.

Na saa za kikao zisipangwe ofisini. Kwetu huku kinamama wa mwani wanaingia baharini bamvua, maji yakipwa sana. Ukiwaitia kikao siku ya bamvua asubuhi utapata viti vitupu, kisha utaandika kwenye ripoti kwamba wazazi hawana mwamko. Panga maji mafu, yasipopwa sana. Fungua kalenda ya mwezi, epuka siku mbili tatu kabla na baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapo utawapata. Akinababa wavuvi nao wana hesabu yao, waulizeni wao. Wengi hupatikana Ijumaa baada ya sala, saa nzima tu, basi kikao chao kiwe cha saa nzima.

Mabinti. Shughuli zao zimalizike saa 11:30 jioni ili wafike nyumbani kabla ya magharibi, na warudi kwa makundi ya njia moja. Mtu mzima wa kike awepo tangu wa kwanza anapofika mpaka wa mwisho anapoondoka. Waulizwe wanataka nini: wengine netiboli, wengine kushona, wengine kompyuta, wengine wanataka tu mahali penye taa na meza wafanye kazi za skuli kwa utulivu, maana nyumbani ndio wanaopika na kulea. Hilo la mwisho ni rahisi kuliko yote na ndilo linalosahauliwa.

#6 Ngarawa_ya_Kiuyu (Micheweni, Pemba)

Bi Ukili hapo kwenye bamvua umepiga penyewe. Pemba tuongeze karafuu. Msimu ukiwa mzuri ratiba yote ya watoto inavunjika: wanaokota zilizoanguka chini ya mikarafuu, wanachambua usiku, wanalinda majamvi yasinyeshewe. Mtoto anashika fedha yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, na wauza sigara wanaijua wiki hiyo. Programu ya shehia isifungwe msimu huo, ipunguzwe. Badala ya siku tatu iwe moja, ya usiku baada ya isha, na mada iwe fedha hiyo hiyo: kuiweka wapi, nani ashike, kununua nini. Msimu ukiisha mnarudi kwenye siku tatu.

Ramadhani hivyo hivyo. Baada ya tarawehe mitaa imejaa watoto mpaka usiku mwingi, na wazazi wameridhika kwa kuwa wanadhani mtoto yuko msikitini. Hizo ni saa tupu za aina yake. Mashindano ya kusoma Qur-ani, mpira wa usiku palipo na taa, chemsha bongo kati ya mitaa, vyote vinafaa, lakini viwe na orodha ya majina na mtu wa kuhesabu. Na siku nne za sikukuu, wekeni watu wazima wanne wenye fulana za rangi moja kwenye kiwanja cha sikukuu, wawili kwenye njia za giza zinazotoka kiwanjani. Mambo mengi hutokea njiani, kiwanjani kwenyewe kuna watu.

#7 Bodi_ya_Chumbuni

Ahsanteni nyote. Sasa niulize jambo ambalo wazee wa mtaa wanalitaka. Kwa nini tusiwachukue wale watukutu kumi tunaowajua kwa majina, tukawapeleka kambi wiki mbili, tukawapitisha gerezani wajionee, kisha nyumba ya soba waone watu walivyoharibika? Wazee wanasema woga ndio dawa.

#8 Mizani_ya_Mji (Magharibi B)

Bodi, waambie wazee kwa heshima zote: hilo limejaribiwa, likapimwa, na lilidhuru.

Kuwapeleka vijana gerezani watishwe na wafungwa kulianzia gereza la Rahway, New Jersey, miaka ya 1970. Anthony Petrosino na wenzake walikusanya majaribio ya mipango ya namna hiyo ambayo vijana walipangwa kwa kura, nusu waende na nusu wasiende. Waliokwenda walifanya makosa zaidi baadaye kuliko ambao hawakufanyiwa kitu chochote. Sababu moja inayotajwa ni kwamba kijana mtukutu akiona ukali anaona daraja la kupanda, na mbele ya wenzake hawezi kuonesha kwamba ameogopa.

Kambi ya watukutu kumi ndiyo hatari kubwa zaidi. Thomas Dishion alichunguza namna vijana wanavyofundishana: mmoja anataja alichofanya, wengine wanacheka, na kicheko hicho ni malipo. Ukiwaweka kumi pamoja umewapa darasa na walimu. Mradi wa Cambridge-Somerville huko Massachusetts, ulioanza 1939 na wavulana 506, uliwapa nusu yao kila kitu kizuri: mlezi, msaada wa masomo, matibabu, kambi za likizo. Joan McCord akawafuatilia baada ya miaka 30. Wengi wa waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa, lakini kwenye kumbukumbu za ulevi, maradhi na vifo walikuwa na hali mbaya kuliko ambao hawakusaidiwa. Uchambuzi wa baadaye ukaonesha madhara yalikuwa kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo wale kumi wasitengwe na wasikusanywe. Wagawe. Kundi la watoto 24, usiweke zaidi ya watatu au wanne kati yao, na kila mmoja kwenye timu yake ndogo, akiwa na kazi: kushika daftari la mabao, kufungua stoo, kuwafundisha wadogo kuanza mpira. Kijana anajifunga na watu kwa njia hiyo hiyo moja: anapewa nafasi, anafundishwa kuifanya vizuri, anaonwa alipofanya.

Na soba: walio kwenye kupona wanaweza kuzungumza na wazazi na walimu, wana mengi ya kuwaeleza kuhusu dalili za mwanzo. Kuwapeleka watoto wa miaka 12 kuwaangalia kama maonesho si haki kwa watoto wala kwa wagonjwa wenyewe.

#9 Kibao_cha_Chuoni (Kaskazini A)

Assalaam alaykum. Sisi wa vyuoni tunawaona watoto hawa karibu kila siku, wakiwa wadogo kuliko wanavyoonwa na kamati yoyote. Kuna mchezo mmoja wa darasani, Good Behavior Game, uliochapishwa mara ya kwanza 1969, ukaja kupimwa katika skuli za Baltimore miaka ya 1980 kwa watoto wa darasa la kwanza. Walipofika miaka 19 hadi 21, wavulana waliokuwa wakorofi zaidi wakiwa wadogo walikuwa na matatizo machache ya dawa za kulevya kuliko wakorofi wenzao ambao hawakuucheza.

Namna yake: darasa au halaka inagawiwa timu 3 au 4, wakorofi na watulivu wamechanganywa. Masharti manne ubaoni, kwa maneno ya kutenda: tunakaa mahali petu, tunazungumza kwa ruhusa, tunaheshimu mwenzetu, tunafuata anachosema maalim. Mchezo ni dakika 10 tu, mara tatu kwa wiki. Anayevunja sharti, timu yake inawekewa alama, na maalim anasema sharti lililovunjwa kwa sauti ya kawaida, hatii neno jingine. Timu yoyote yenye alama nne au chini imeshinda, na timu zote zinaweza kushinda. Zawadi iwe ndogo: kuwa wa kwanza kutoka, kuchagua kaswida ya kufungia. Kila baada ya wiki chache ongeza dakika, kisha acha kutangaza saa ya mchezo mpaka uwe umekwisha.

Unaharibika kwa njia mbili. Maalim anaanza kumtaja mtoto badala ya sharti, timu inamgeukia yule mtoto nje. Au anautumia kuanzia siku ya kwanza kwa saa nzima, wote wanashindwa, wanachoka. Na bakora haiwezi kukaa chumba kimoja na mchezo huu. Mtoto akijua bakora ipo nyuma yake, haangalii tena alama ya timu, anaangalia mkono wa maalim.

#10 Funguo_za_Stoo (Mjini)

Naam. Mmeeleza mengi, mimi niseme la daftari, watu na fedha, maana mipango inafia huko.

Watoto 24 wanataka watu wazima watatu na wa nne wa akiba. Anayejitolea aahidi mwaka mzima, tena kwa maandishi. Utafiti wa Jean Grossman na Jean Rhodes wa 2002 kuhusu walezi wa kujitolea Marekani ulionesha kwamba vijana ambao mlezi wao aliondoka ndani ya miezi mitatu walijiona duni zaidi kuliko kabla hawajapewa mlezi. Faida ilionekana kwa waliodumu mwaka na zaidi. Mtu mwenye miezi miwili ya likizo mpe kazi ya kupaka rangi milango, usimpe mtoto.

Kabla hajapokelewa: jina lake lipite kwa sheha wa anakokaa na wa anakotoka, kwa dawati la jinsia na watoto la polisi, na watu wawili wamdhamini. Wakati wa kazi, mtu mzima hakai na mtoto mmoja peke yake ndani ya chumba kilichofungwa, hampakii kwenye chombo chake, hamtumii ujumbe wa faragha usiku. Hakuna safari ya kulala. Masharti haya yasomwe mbele ya watoto na wazazi siku ya kwanza, na namba 116 iandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Na. 6 ya 2011, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Likitokea jambo, halimalizwi barazani kwa kusuluhishana wala kwa kusitiriana. Linakwenda ustawi wa jamii na polisi siku ile ile.

Daftari: kurasa mbili zinazotazamana kwa mwezi. Kushoto majina, kulia siku. Alama tatu tu: alikuja, hakuja na sababu inajulikana, hakuja na hakuna anayejua. Alama ya tatu ikitokea mara mbili mfululizo, mtu anakwenda nyumbani kwa mtoto kabla ya siku ya tatu, anabisha hodi, anauliza hali, hasemi neno la lawama. Kazi hii ndogo ina thamani kuliko mipira yote ya stoo. Mtoto akipotea wiki tatu bila ya kuulizwa, amejua kwamba hahesabiwi.

Vifaa: mpira mmoja kwa watoto 5, pampu na sindano tano (sindano ndizo zinazopotea), koni 20 au makopo yaliyojazwa mchanga, ndoo mbili za maji zenye bomba, kisanduku cha huduma ya kwanza, taa mbili za jua kwa ajili ya chumba cha masomo. Jezi zije mwaka wa pili. Zikija mwanzo, watakuja wa jezi.

Fedha ya mfadhili usiitumie kulipa posho ya vikao. Ukishaanza posho, siku ikikatika watu wanakatika nayo, na watakuwa hawana kosa, wewe ndiye uliyewafundisha kwamba kuja ni kazi ya kulipwa. Lipa nauli ya anayetoka mbali, chai, na vifaa. Fedha ya mwaka igawe sehemu 12 siku ile ile inapoingia. Nyingi zinateketezwa mwezi wa kwanza kwenye uzinduzi, mabango na wageni.

#11 Bodi_ya_Chumbuni

Nimeyaandika yote. La mwisho kwangu: nitajuaje kama linafaa, na kwa muda gani? Mfadhili anataka ripoti ya miezi mitatu.

#12 Dau_la_Mtende (Mjini, Unguja)

Miezi mitatu mpe mahudhurio tu: watoto wangapi wameandikishwa, wangapi wamefika robo tatu ya siku, hodi ngapi zimepigwa majumbani, wangapi wamerudi baada ya hodi. Usimuahidi kwamba uvutaji umepungua, huwezi kulijua hilo mapema hivyo.

Mwezi wa sita rudia zile ratiba za Jumanne kwa watoto 30 wengine na uone saa tupu zimepungua ngapi. Kama zilikuwa 22 na nusu na sasa ni 21, ratiba yenu imekaa juu ya saa ambazo tayari zilikuwa na mtu. Hamisheni siku, hamisheni saa, kabla ya kuongeza kitu chochote kipya. Dodoso la kisandukuni lirudiwe baada ya miaka miwili, maswali yale yale bila ya kubadilisha hata neno, mwezi ule ule wa mwaka, na umri ule ule; yaani unawalinganisha waliokuwa na miaka 13 wakati huo na walio na 13 sasa. Ukiwauliza watoto wale wale wakiwa wamekua, utaona matendo yameongezeka kwa sababu ya umri tu, na mpango mzuri utaonekana umeshindwa. Angalia pia usifanye mara ya pili ndani ya Ramadhani kama mara ya kwanza ilikuwa nje yake.

Karatasi zenyewe zichomwe mbele ya watu watatu wa kamati baada ya kujumlishwa. Jumla zibaki kwenye faili la sheha, nakala moja kwa ustawi wa jamii wa wilaya, na ukurasa mmoja wenye picha ya namba hizo ubandikwe skuli, chuoni na kwenye kituo cha afya ndani ya wiki nne, wakati watoto waliojaza bado wanakumbuka kwamba walijaza.

Bodi, ukiwa na kamati tayari, anza na zile ratiba 30 wiki hii kabla mtihani haujaanza, maana wiki za mtihani mikondo inabadilika na hesabu yako itakuwa ya siku zisizo za kawaida.